Kiwanja Tulichoyarudishia Maji

Rukia mwanangu,

Nakuandikia na sauti yako naisikia. Uko ukumbini na mamako, mwalazimisha zipu ya begi ifunge, naye ameanza tena habari ya baridi ya milimani. Blanketi, dawa ya mafua, achari ya ndimu, nani wa kumpigia simu ukifika: hayo ni yake, nami sitamwingilia. Nimetoka kuswali alasiri, nikajifungia humu kwenye chumba changu cha vyuma, nikasogeza spana na vipande vya mabomba ili karatasi ipate pa kukaa. Kwa mdomo sitaweza. Nikianza kusema nawe leo nitacheka, kisha nitatokwa na machozi, kisha nitakuchelewesha kufunga mizigo.

Kesho asubuhi basi lako laondoka Mwembe Tayari kukupeleka Taita, kwenye mto ambao wenyewe wa kule wataka kuurudishia uhai. Tangu uniambie umeipata kazi hiyo sijatulia. Jana, nyumba moja hapa Kibokoni, nilimfungia mtu bomba la maji moto mahali pa maji baridi. Mwenye nyumba akanitazama. Nikamwambia, "Niwie radhi, bwana. Mwanangu aenda kutengeneza mto." Hakunielewa, lakini alinipa chai.

Habari ya kijito cha Mvumoni unayo, lakini unayo vipandevipande. Mengi yalipotokea ulikuwa Nairobi chuoni, nami kwenye simu nilikuwa nikikupa yale ya kufurahisha tu. Leo nataka kukupa yote, na makosa yangu yakiwa ndani, kwa sababu huko uendako kuna watu watakaokuita mtaalamu. Nataka usikie jinsi mtu aliyeitwa fundi wa maji alivyoyakosea maji.

Wajua nyumba hii ndimo nilimozaliwa. Ukuta wetu ndio ukuta wa jirani. Akikohoa, sisi twamwambia afya. Naipenda, lakini ulipozaliwa niliingiwa na tamaa ya mahali papana. Nilitaka siku moja uwe na nyumba yenye dirisha kila upande. Ndipo dalali aliponipeleka Mvumoni, kule upande wa hori ya Tudor, akanionyesha kiwanja kando ya kijito. Ilikuwa kaskazi, jua kali, kijito chenyewe ni uzi wa maji unaotoka kwenye chemchemi chini ya jabali na kutambaa kwenye takataka mpaka baharini. Kiwanja kilikuwa tambarare kama sinia. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikijaza kifusi, na kifusi kilikuwa kimeshashindiliwa na miguu ya watu. Sikujiuliza kwa nini mahali pamoja tu katika mteremko ule pawe tambarare. Nilifurahi, nikanunua.

Wa kwanza kuniambia alikuwa Bi Mishi. Wewe wamjua sasa kama nyanya yako, lakini siku ile alikuwa mwanamke nisiyemjua, amekaa kwenye mlango wa nyumba yake ya chini, karibu na mdomo wa kijito, ashona kanzu kwa cherehani ya mguu. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza wazee wangu ni nani. Kisha akaniambia, "Baba, pale uliponunua ndipo maji yalipokuwa yakilala masika. Sisi tukiwa wasichana tulikuwa tukivuka kwa kushikana mikono."

Nikamjibu, "Bi Mishi, maji ndiyo kazi yangu. Yataenda nitakakoyaambia."

Nalisema kwa adabu, nikicheka. Lakini nalisema.

Mwanangu, fundi bomba ana maarifa mamoja makubwa: maji yaingie yanapotakiwa na yatoke upesi. Bomba likinyooka ni zuri, likipinda ni taabu, kila kona ni mahali pa kuziba. Hayo ndiyo niliyoyachukua nikaenda nayo kwenye kijito. Nilikikuta chapindapinda, kimekula ukingo huku na kutupa mchanga kule, nikaona ni kazi mbovu ya mtu asiyejua. Nikatafuta vibarua, tukakinyoosha kando ya kiwanja changu chote, tukajenga kuta za mawe pande mbili, na chini nikapiga saruji. Nilipomaliza, kilikuwa kimenyooka kama uzi wa mwashi. Watu walikuja kutazama. Wewe ulikuwa ndio umeanza sekondari, nikakuleta nikakusimamisha pale juu, nikakwambia, "Hii ndiyo kazi." Ukanishika mkono, ukajivuna nami. Nakumbuka vizuri.

Masika yaliyofuata mvua kubwa ya kwanza ilinyesha asubuhi. Nilikimbia Mvumoni kutazama kazi yangu. Kiwanja kilikuwa kikavu. Maji yalikuwa yapita katikati ya kuta zangu kwa kasi ambayo sikupata kuiona, rangi ya chai ya maziwa, yakiburuta matawi na chupa, na sauti yake ilikuwa kama lori lishukalo bila breki. Nikasimama pale nimejaa furaha. Kisha nikasikia kelele za watu kule chini.

Kuta zangu ziliishia mwisho wa kiwanja changu. Maji hayakujua kuwa kazi imeishia hapo. Yalitoka na kasi yote niliyoyapa, yakaenda moja kwa moja kwenye nyumba za chini. Ukuta wa Bi Mishi wa upande wa kijito ulianguka. Alhamdulillahi alikuwa ameshatolewa. Aliyemtoa ni Charo, jirani yake, yule dereva wa lori wa Shimanzi, ambaye siku hiyo hakwenda kazini kwa homa. Nilipofika, Charo alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, amebeba ile cherehani begani. Bi Mishi alikuwa amekaa kwenye kiti nje, leso yake imelowa, atazama magodoro yake yakielea.

Hakunipigia kelele. Aliniangalia, akasema, "Fundi, maji yako yamefika."

Sijapata kuambiwa neno zito kuliko hilo, na alilisema kwa sauti ya mtu anayekuarifu kuwa mgeni wako yuko mlangoni.

Nilimjengea ukuta, hilo walijua. Usilolijua ni kwamba nilipoujenga bado nilikuwa sijaelewa. Nilidhani kosa langu ni kuwa sikuendelea. Nikawa nafanya hesabu za kuzipeleka kuta mpaka baharini. Na ili watu wanione nina nia njema, nikaenda kutafuta miche ya mikoko, nikaipanda kwa mistari kando ya kuta, juu, mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki hata bahari ikijaa vipi. Nilikuwa nimeona watu kwingine wakipanda mikoko na wakisifiwa. Miche ilikauka yote. Charo alikuwa akipita akienda kazini, akiitazama. Siku moja akaniuliza taratibu, "Mzee, hii inaishi hapa, ama ni wewe unataka iishi hapa?"

Swali hilo lichukue uende nalo Taita.

Ukaja likizo ya Idi kutoka chuoni. Najua wakumbuka, lakini nataka usikie upande wangu. Ulichukua karai langu la kuchanganyia saruji, ukalijaza mchanga, ukaliinamisha, ukachora mfereji ulionyooka na mwingine unaopinda wenye uwanda kando yake, ukamimina maji ya birika. Katika ule ulionyooka maji yalifika chini na mchanga wote. Katika ule wa pili yalipinda, yakapanda kwenye uwanda, yakatulia, yakaacha mchanga pale, kisha yakashuka polepole. Ukaniambia, "Baba, kijito chahitaji mahali pa kutandaza miguu."

Nikakujibu vibaya. Nilisema, "Leo nafunzwa maji na mtoto niliyemwogesha." Nikatoka, nikaenda kukaa barazani kwa watu, na siku zile za Idi sikusema nawe ila salamu. Ulidhani nimekasirika. Hapana, mama. Nilikuwa nimeona. Niliona mara ya kwanza ulipomimina, kabla hujasema neno. Kilichoniweka barazani ni kwamba, kama wewe ni sawa, basi kile nilichokisimamia nikakuonyesha, nikakwambia hii ndiyo kazi, ilikuwa ni kitu cha kuvunjwa. Mtu aweza kukubali kosa haraka sana moyoni, kisha miguu ikachukua muda kufika. Ukimwona mzee wa kule amenuna baada ya kumwonyesha jambo, usifikiri hakukuelewa. Huenda ameelewa kuliko wote. Mpe nafasi arudi na heshima yake.

Nami nikikumbuka jambo hilo, lazima nikumbuke na lile la njia, maana siku ile nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Ulipochora ramani yako nzuri, yenye vipindo na matete na maji yakitandaa, tukaipeleka kwa Bi Mishi. Alivaa miwani akaitazama muda mrefu. Akaweka kidole katikati. Akauliza, "Na watoto wetu wapite wapi?" Njia ya kwenda madrasa na shule ilikuwa yapita hapohapo ulipoweka maji. Ulikuwa umeuchora uwanda kama mahali pasipo mtu. Uso ulikuiva. Lakini hukununa kama babako. Ulisema, "Nionyeshe, nyanya," ukavua viatu ukatembea naye njia nzima, yeye na fimbo yake, wewe na penseli, na mliporudi kulikuwa na daraja kwenye ramani. Pale ndipo nilipojua utaiweza kazi hii. Vipindo vyovyote aweza kuvichora mtu aliyesoma. Kuvua viatu ni kitu kingine.

Basi ikabaki kiwanja. Ili kijito kipinde tena na kipate uwanda, kifusi chote kitoke, na kifusi kilikuwa ndicho kiwanja changu. Chako. Hapakuwa na njia ya pembeni. Nililizunguka jambo hilo mwaka mzima.

Ami yako Seif alikuja hapa nyumbani siku moja baada ya kusikia. Alikaa pale kwenye kiti cha mpingo, hakugusa kahawa.

"Kaka, nimesikia wataka kuchimba shimo kwenye kiwanja."

"Si shimo. Ni mahali pa maji."

"Maji yana bahari nzima hapo chini. Mtoto ana kiwanja kimoja. Tujenge ghorofa, mimi naweka nguvu zangu, wewe waweka kiwanja, Rukia apate vyumba vyake."

"Na watu wa chini?"

"Watu wa chini wajenge juu. Kwani wewe ndiwe uliyewaweka pale?"

Seif si mtu mbaya, Rukia, na maneno yake hayakuwa ya kijinga. Ndipo mamako, ambaye muda wote alikuwa amekaa mlangoni achambua mchele, alipoinua uso. Akasema, "Shemeji, sisi tulitaka nyumba ya mtoto. Mtoto mwenyewe ataka mto. Sasa tumjengee nani?" Akarudi kwenye mchele wake.

Jioni ile nikakupigia simu. Nilitaka ukatae. Sasa naweza kukwambia: nilitaka unilaumu, useme kiwanja kile ni haki yako, ili nipate sababu. Nikakueleza yote. Kisha ukasema, "Baba, chimba."

Sikulala vizuri, lakini si kwa huzuni. Nilikuwa kama mtoto anayengojea sikukuu.

Afisa wa mazingira wa kaunti alikuja akapima, akatupa ruhusa, na tingatinga ikapatikana kwa siku chache. Lakini uwanja wote ule haukuchimbwa na tingatinga. Charo alizungumza na tajiri wake kule Shimanzi, ambaye alikuwa na yadi inayotuamisha maji na ataka kifusi cha kujazia. Kwa hiyo lori lililokuwa likirudi tupu kutoka kushusha mizigo likawa lapita Mvumoni. Vijana wa mtaa walipakia, kina mama wa nyumba za chini walipika, na wachukuzi wawili wa Marikiti, ndugu zake Charo, walikuja na rukwama zao Ijumaa baada ya soko. Mimi nilishika nyundo. Nilitaka kuzivunja kuta zangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilidhani itaniuma. Wallahi, ile nyundo ilikuwa nyepesi.

Na kuna siku ambayo sikukueleza ipasavyo kwenye simu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka ujue. Tulikuwa tumeshuka chini ya kifusi, chini ya matofali na magunia na mabati, kijiko cha tingatinga kikainua kitu cheusi. Nikamwambia dereva asimame. Nikashuka. Ulikuwa mchanga. Mchanga laini, baridi, wenye konokono wadogo weupe ndani yake, na ukienda nao kwa mkono waona wapinda. Kijito cha zamani kilikuwa palepale. Kilifunikwa tu. Hatukuwa na haja ya kubuni kipindo hata kimoja. Tulikifuata kwa majembe, kikatupeleka kushoto, kikatupeleka kulia, kikapita karibu kabisa na pale ulipochora wewe, na mahali pengine kikaenda ambapo wewe wala mimi tusingefikiria. Bi Mishi aliletewa kiti. Akatazama, akasema, "Hapo ndipo tulipokuwa tukishikana mikono." Charo akainama akaokota konokono mmoja, akamtia kwenye mfuko wa shati.

Nakwambia, hapana kazi ya bomba iliyopata kunifurahisha namna ile.

Kisha ukaja wakati mbaya, nao ndio nataka uujue mapema. Tulipomaliza, palikuwa pabaya kuliko mwanzo. Kabla palikuwa na kiwanja; sasa palikuwa na tope, na harufu, na kijito chembamba kinachozungukazunguka katikati kama kimepotea. Watu walipaita shimo la fundi. Barazani waliniuliza kama nimeanza kufuga samaki. Seif alipita akasimama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Takataka za juu zilishuka zikanasa kwenye kila kipindo, jambo ambalo kuta zangu hazikulifanya. Zenyewe zilikuwa zikizipeleka baharini, kwa hiyo hakuna aliyeziona. Ikawa kila Jumamosi tuko matopeni twaokota mifuko, na idadi yetu ilipungua mpaka tukabaki mimi, Charo, na wajukuu wa Bi Mishi wanaotumwa.

Wakati huo nilitaka kufanya jambo. Jambo lolote. Nilitaka kununua miche, kupanga mawe, kuweka kitu chenye mistari kitakachoonekana kuwa ni kazi. Charo ndiye aliyenizuia. Alisema, "Mzee, ulivunja ukuta ili maji yafanye kazi. Sasa yaache yafanye." Nikatulia. Ni kazi ngumu kuliko nyundo. Huko uendako kutakuwa na miezi ya tope, na watu watakuuliza kiko wapi. Usiwe na haya kusema hujui. Keti nao tu palepale kwenye tope.

Masika ya mwaka huu ulikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo hukuyaona, nami nimekuwa nikijizuia kukusimulia mpaka nipate nafasi nzuri. Ndiyo hii.

Mvua ilianza Alhamisi, ikanyesha usiku kucha. Ijumaa tulipotoka msikitini ilikuwa bado. Na bahari ilikuwa bamvu, imejaa mpaka ndani ya mdomo wa kijito, kwa hiyo maji ya juu yanashuka na ya bahari yanapanda, na nyumba za chini ziko katikati. Nilikwenda na kanzu yangu ya Ijumaa vilevile. Charo alikuwa ameshamtoa Bi Mishi na cherehani yake, wako chini ya mabati ya kibanda cha jirani. Seif naye alikuwapo. Sikumwita. Alisimama na mwavuli, akautia juu ya kichwa changu, tukangoja.

Maji yakaja. Rangi ileile, matawi yaleyale. Yalipofika kwenye kipindo cha kwanza yaliupiga ukingo nikafumba macho. Nilipofumbua, yalikuwa yamegeuka. Yakaingia cha pili, yakajaa, yakamwagika juu ya ukingo tulioushusha, yakaanza kutandaa kwenye kiwanja. Yalikwenda taratibu, Rukia. Yalijaza kona moja, yakangoja, yakaenda nyingine, kama wageni wanaotafuta pa kukaa msibani. Kiwanja chote kikawa ziwa, na mvua ikipiga ziwa hilo, na katikati ya kelele zote hizo ile sauti ya lori haikuwapo. Tulikuwa twaingojea, haikuja. Kule chini kijito kilikuwa kimejaa lakini chatembea. Maji yalipanda mpaka kwenye kizingiti cha Bi Mishi, yakaramba jiwe la kwanza, yakasimama hapo. Bahari ilipoanza kutoka, nayo yakaanza kushuka.

Charo alisema, "Yalala." Neno hilo tu.

Bi Mishi akaomba arudishwe kwake, maana ana kanzu ya mtu ya kumaliza.

Seif alibaki ameshika mwavuli hata mvua ilipopungua. Kisha akaniambia, "Lakini kaka, ghorofa ingekuwa nzuri." Tukacheka mpaka tukashikana. Siku hizi kila Jumapili awaleta watoto wake kwenye lile daraja tulilojenga kumtazama mdiria, yule ndege wa buluu anayekaa juu ya nguzo akivizia samaki, nao hupigana nani amwone kwanza.

Sikwambii kwamba yamekwisha. Mifuko bado yashuka. Mbu walitutia hofu, watu wakalalamika, tukawa twachungulia kila dimbwi mpaka visamaki vilipoingia vikaanza kuwala viluwiluwi vyao. Vyura wapiga kelele kiasi kwamba imamu wa msikiti wa pale aliniambia, kwa mzaha, niwafundishe kunyamaza wakati wa khutba. Matete yamejiotea. Yangeyange wanatua. Na kule chini, ambapo bahari sasa yapata njia ya kuingia, mikoko imeota yenyewe, hakuna mkono wa mtu uliopanda, na haiko kwenye mstari hata mmoja.

Haya ndiyo niliyotaka kukupa badala ya nyumba yenye madirisha. Kuna usiku bado naiona nyumba ile, nikiwa nusu usingizini, na wewe kwenye dirisha. Si kwamba sijutii kabisa. Lakini niambie, ni binti gani mwingine anayeondoka kwao akijua kwamba kiwanja chake kimelaza mvua nzima ya masika?

Nina jambo moja jipya, na hata mamako nimemwambia leo asubuhi tu. Juzi nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua, wa upande wa Likoni. Alisema kwao kuna kijito kilichojazwa vifusi, na watu wameanza kukijengea kuta, naye amesikia kuna mtu Mvumoni. Akaniuliza, "Wewe ni mtaalamu?"

Nikamwambia, "La, mama. Mimi ni fundi bomba. Nilijenga kuta kama hizo, zikaangusha nyumba ya mtu."

Kisha akasema, "Basi njoo kabla hawajamaliza."

Nilimwambia nimezeeka, nitafikiri. Nilipomweleza mamako, alinitazama akasema, "Na mtoto akiondoka wewe wakaa hapa kufanya nini, kuniharibia mabomba ya watu?" Kwa hiyo kesho, basi lako likishapinda nisilione tena, sitarudi nyumbani. Charo amechukua ruhusa kazini. Tutashuka Feri pamoja, tuvuke, tukawatafute wale waashi na kuwaomba, kwa adabu, waweke mwiko chini wanisikilize.

Wasipokubali nitakupigia simu unipe akili. Wakikubali nitakupigia pia.

Mamako ameishinda zipu, namsikia acheka. Wacha nije nikubebee begi mpaka mlangoni, tuujaribu uzito wake.

Mimi babako, ambaye leo hakaliki.